Kabla hujalitia jani kwenye maji: mambo ya kuzingatia kwa anayepika dawa za Wika

Naandika haya kwa Waswahili wenzangu tulioko Uingereza ambao wameingia kwenye Wika, ile dini ya kisasa ya kipagani, au wanaichungulia, na sasa wanataka kupika dawa zao wenyewe za mitishamba. Najua mko wengi kuliko mnavyosema. Neno mchawi sitalitumia humu, maana kwetu mchawi ni mtu wa kuroga watoto wa jirani, na dini hii haihusiani na hilo. Wika yenyewe bado changa. Ilianza kutoka hadharani baada ya Bunge la Uingereza kuifuta mwaka 1951 ile Sheria ya Uchawi ya 1735, na Gerald Gardner, Mwingereza aliyeieneza, akachapisha kitabu chake juu yake mwaka 1954. Kanuni yake kuu ni kwamba ilimradi humdhuru mtu, fanya upendalo. Mimi niliwahi kumdhuru mtu, nikiwa na nia safi kabisa, kwa kikombe kimoja cha majani. Kwa hiyo nisikilizeni.

Vyombo kwanza. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ya enameli isiyobanduka, au chombo cha glasi. Shaba na aluminiamu weka kando, hasa ukitia siki, ndimu au divai. Kile chungu cheusi kinachokaa madhabahuni, kama kimewahi kuchomewa ubani na makaa, usikipikie kitu cha kunywa. Kisu cha mpini mweupe cha kukatia majani kioshwe kwa sabuni kabla na baada. Mikono vilevile.

Mahali pa kuchuma. Usichume kando ya barabara kuu, wala chini ya ua ambako kila mbwa wa mtaa anapita asubuhi, wala pembeni ya shamba lililopigwa dawa. Na using'oe mzizi wa mmea wa porini kwenye ardhi isiyo yako bila ruhusa ya mwenyewe. Tangu mwaka 1981 kuna sheria ya Uingereza inayokataza. Majani machache ya matumizi yako hayana shida, ila mizizi waachie wenyewe.

Majina. Hapa pana mtego mkubwa kwa sisi tuliokulia Afrika Mashariki, kwa sababu macho yetu yalifundishwa na bustani nyingine. Mimi nimekula mnavu tangu utoto, na vile vitunda vyake vyeusi tulikuwa tunavichuma tukitoka shule. Sasa nenda kwenye vichaka vya huku mwezi wa Agosti, utakuta kitunda cheusi kinachong'aa, kizuri kama cheri, na kumbukumbu ikakwambia huyu ni ndugu yake mnavu. Ni ndugu kweli, wa ukoo mmoja, lakini huyo ni Atropa belladonna, na vitunda vichache tu vinaweza kumuua mtoto. Ukoo huohuo una mnanaha, ambao wa kwetu tunaujua unavyompagawisha mtu. Vitabu vya Wika vinaitaja mimea hii kwa heshima kubwa, na watu wapya wanaitamani kwa sababu hiyo hiyo. Isome, ichore, iheshimu, usiipike. Na unaposoma mapishi, tafuta jina la kisayansi. Majina ya mitaani ya Kiingereza hurukaruka: jina moja mimea mitatu, mmea mmoja majina saba. Mapishi yasiyo na jina la kisayansi yaache.

Sasa niwaambie la kwangu.

Ilikuwa Mei. Dada mmoja wa Mombasa niliyekutana naye kundini alikuwa na mtihani wa kuendesha gari Alhamisi, mara ya tatu, na hofu imemkaba hata chakula hakipiti. Akaniomba nimtengenezee kitu cha kumpa moyo. Waingereza tangu zamani wanaihusisha boraji na ujasiri, ile yenye maua ya buluu kama nyota, na mimi nilikuwa na tuta zima nyuma ya nyumba, limejiotea lenyewe kutokana na mbegu za mwaka uliopita. Nikapanga kila kitu. Mwezi ulikuwa unakua. Siku nikachagua Jumanne, kwa kuwa Jumanne ni ya Mars, mungu wa vita wa Warumi, na Mars ndiye mwenye ujasiri. Mshumaa mwekundu. Saa nikaihesabu mpaka ikaangukia machweo. Yote haya nikayaandika kwenye Kitabu changu cha Vivuli, ndiyo daftari letu la ibada na mapishi, kwa mwandiko mzuri.

Nikatoka kuchuma giza likianza kuingia, nimevaa glavu za bustani kwa sababu boraji ina vinywele vigumu vinavyochoma. Maua yalikuwa bado. Nikakata majani makubwa makubwa yaliyo chini, nikayaosha, nikayamwagia maji ya moto pamoja na nanaa na ndimu, nikafunika. Tulipofungua duara la ibada nikaonja kwa ncha ya kijiko. Ilikuwa chungu, uchungu wa kukunja uso. Nikaongeza asali. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pengine pote, maana boraji haina uchungu ule, ina ladha ya tango, na mimi nilikuwa nimeshaionja mara nyingi. Ulimi uliniambia, nami nikaufunga mdomo kwa asali vijiko vitatu. Dada yule akanywa kikombe chote, akashukuru, akaenda kwake.

Usiku wa manane akaanza kutapika. Hakunipigia, alidhani ni hofu ya mtihani. Alfajiri akanipigia, sauti imelegea: “Dada, mbona taa ina duara la manjano? Hata ukuta nauona manjano.” Nikamwambia piga 999 sasa hivi, nami nakuja. Nilipofika wahudumu wa gari la wagonjwa walikuwa wameshamfunga nyaya kifuani, na mapigo ya moyo yake yalikuwa 42 kwa dakika, tena hayafuatani.

Hospitali muuguzi akaniuliza swali moja tu la maana: jani lenyewe liko wapi? Sikuwa nalo. Machicha nilikuwa nimeyamwaga chini ya mtufaa kama sadaka, ndivyo tunavyofanya. Nikafungua kitabu changu mbele yake. Mlikuwa na mwezi, siku, saa, rangi ya mshumaa na maneno tuliyoyasema. Jani lilitoka upande gani wa tuta, lilikuwa na umbo gani, nani mwingine alikuwa anaota pale, hamkuwa na neno hata moja. Nikarudi nyumbani mbio, nikapiga magoti chini ya mti nikikusanya majani yaliyolowa kwa vidole, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha nikaenda kwenye tuta mchana kweupe, bila glavu.

Boraji ilikuwepo. Katikati yake kulikuwa na vishada vitatu vya majani yaliyotandaza chini, yenye makunyanzi yaleyale, kijani kilekile cha kufifia. Lakini nilipoyashika yalikuwa laini kama mahameli. Hayachomi. Ukingo wake una meno madogo madogo. Nikalivunja moja nikalinusa: hakuna harufu ya tango. Ilikuwa Digitalis purpurea, ile ambayo mwezi Juni hutoa mkuki wa maua ya zambarau kama vidole vya glavu, na kila mtu huku anaitambua ikishachanua. Kabla haijachanua ni majani tu.

Mmea huo una historia inayotuhusu. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa maoni kuhusu dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire, aliyekuwa akitibu watu waliovimba mwili. Ndani mlikuwa na mimea 20 au zaidi, na Withering akatambua kwamba inayofanya kazi ni mmoja tu, huo huo. Alipochapisha kitabu chake mwaka 1785 aliorodhesha kinachompata aliyezidishiwa: kutapika, moyo kwenda polepole, vitu kuonekana vya kijani na manjano. Zaidi ya miaka 200 baadaye niliyasikia hayohayo kwenye simu. Hospitali bado zinatumia dawa itokanayo na ukoo wa mmea huo kwa ugonjwa wa moyo, na hata wao wanaipima kwenye damu, kwa sababu kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua nafasi ni finyu sana. Kuchemsha hakuuondoi ukali wake. Kukausha hakuuondoi.

Dada alilala hospitali siku nne, akapewa dawa ya kuzimua sumu ile, akapona. Hanywi tena chochote kutoka mkononi mwangu, hata chai, na ni haki yake.

Kwa hiyo, haya hayana mjadala. Usichume jani la kunywa kutoka mmea ambao hujauona ukichanua mahali hapohapo ulipo. Chuma kwenye mwanga. Glavu ni za kufyekea. Jani la kupikia litazame kwanza, kisha liguse, livunje, linuse. Marehemu bibi yangu kule Muheza hakuwahi kutia jani chunguni kabla hajalivunja akalinusa, na hakuwa na kitabu chochote. Kila ukipika, weka jani zima moja kando kwenye karatasi, liandike jina na tarehe, likae mpaka siku mbili zipite baada ya mtu kunywa. Kikitoka kichungu pasipo sababu unayoijua, mwaga chote, usitie asali. Na kitabuni, kabla ya mwezi na mshumaa, andika mmea ulitoka wapi.

Mnywaji naye mhoji. Anatumia dawa gani za hospitali? Usione haya kuuliza. Hypericum perforatum, ule wa maua ya manjano unaochumwa wakati wa sherehe ya katikati ya kiangazi, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya warfarini ya kuzuia damu kuganda, na haupatani na dawa za sonona. Mjamzito usimpe kitu. Narudia, usimpe kitu: pakanga na jamii yake, ruta, na ile nanaa ya Mentha pulegium ambayo mafuta yake yamewahi kuua watu. Anayepatwa na mafua na macho kuwasha kwa vumbi la maua huenda kamomaili ikamletea shida. Hata boraji halisi, kama komfri, ina kemikali zinazoumiza ini, si ya kunywa kila siku. Na usimnyweshe mtu bila yeye kujua, hata iwe ya kumtakia mema. Hapo umeshaivunja ile kanuni kabla maji hayajachemka.

Kuhifadhi: maji ya majani yakae friji, siku mbili, basi. Mafuta ya kupaka yatengenezwe kwa majani makavu kabisa. Majani mabichi au kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta huweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ambaye hana harufu wala rangi. Dawa za pombe kali ziwe mbali na mishumaa. Kila chupa iandikwe jina na tarehe, na chupa ya soda au ya jusi usiitumie kamwe, watoto hawasomi.

Tena, si lazima kila kitu kinywewe. Boraji ile ningeweza kumtilia kwenye kifuko akakiweka mfukoni siku ya mtihani, au kwenye maji ya kuogea miguu, na nia ingekuwa ileile. Siku hizi tisa kati ya kumi ninazotengeneza ni za kufunga, kufukiza au kuogea. Za kunywa ni nanaa, mchaichai na rozmeri, nilizozipanda mwenyewe kwenye vyungu tofauti.

Angalia pia paka wako anatafuna nini. Fungua dirisha unapofukiza. Mmea mkubwa kama mwavuli, wenye maua meupe kando ya mto, usiuguse hata kwa kidole, utomvu wa baadhi yake huunguza ngozi ikipigwa na jua, na mingine mizizi yake ni sumu kali. Ukisafiri kwenda nyumbani usitie kwenye begi vichupa visivyo na maandishi. Kenya na Tanzania zote zina sheria za uchawi tangu enzi za mkoloni, na ofisa wa forodha hatakuwa na muda wa kuelezwa Wika ni nini. Na hilo jani la akiba, lihifadhi kwenye bahasha ya karatasi, plastiki huliozesha.