Kuchochea ubongo kwa umeme hafifu: mkono uliopooza baada ya kiharusi

Umeme wa miliampia 2, unaopitishwa kichwani kwa sponji mbili zilizounganishwa na kifaa cha betri, hauusogezi mkono. Unazifanya seli za ubongo zilizosalia ziitikie upesi. Mazoezi ndiyo yanayojenga. Na wagonjwa hawaitikii sawa. Familia iliyouza mbuzi kupata nauli ya kutoka Masaka hadi Kampala iambiwe hivyo kabla ya kuanza.

1. Chuja. Usimwekee mwenye chuma ndani ya fuvu, pengo la mfupa wa kichwa, kifaa cha umeme moyoni, kifafa au kidonda kichwani. Uliza dawa anazomeza: kabamazepini, dawa ya kifafa, huzima kazi ya anodi (sponji ya upande chanya). Usimwachishe, zungumza na daktari wake.

2. Pima. Tumia futi ya fundi cherehani. Tafuta katikati kati ya shina la pua na kinundu cha kisogo, kisha katikati kati ya masikio. Zinapokutana ndipo utosi. Kutoka hapo teremka kuelekea sikio asilimia 20 ya umbali wa sikio hadi sikio. Umbali ukiwa sentimita 36, shuka 7.2. Mkono wa kulia ukilegea, teremka kushoto. Rudia kuhakikisha upande, maana hapa ndipo wengi hukosea.

3. Nywele. Mgonjwa aje amefumua misuko na kuosha mafuta kwa sabuni. Sponji ikikaa juu ya wigi au rasta nene, umeme hupita kwenye vijisehemu vichache tu na kuchoma ngozi.

4. Sponji mbili, sentimita 5 kwa 7. Lowesha kila moja kwa mililita 10 hivi za maji ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9. Maji ya bomba yana ukinzani mkubwa. Sponji ikichuruzika, umeme hukimbilia kwenye nywele zilizolowa badala ya kuingia kichwani. Anodi iwe pale ulipopima, kathodi (sponji ya upande hasi) juu ya nyusi ya upande wa pili.

5. Washa. Panda polepole kwa sekunde 30 hadi miliampia 1 au 2, dakika 20, kisha shuka vilevile. Kuwashwa kidogo ni kawaida. Kuungua mahali pamoja si kawaida: zima, kagua, lowesha upya. Kifaa cha betri hakitegemei umeme wa ukutani, lakini betri ikichoka mkondo hukatika ghafla na mgonjwa huona kimulimuli.

6. Fanyisha kazi umeme ukiendelea. Mkono dhaifu ushikilie ndizi huku mzima ukimenya matoke, ufungue kifuniko cha jerikeni, uinue kikombe. Vidole vikiwa bado havisogei, ateleze kiganja mezani juu ya kitambaa. Marudio yawe mengi, magumu kidogo kuliko ya jana.

Ukitoa sponji, angalia ngozi. Ikiwa imechubuka, usiweke hapo tena hadi ipone.