Kuzalisha Aina Mpya ya Krisanthemu ya Chungu kwa Ajili ya Soko

Anayeanza kazi ya kuzalisha aina mpya ya krisanthemu kwa kawaida huvutwa na ua: ameona rangi fulani, au umbo la petali ambalo halipo sokoni, na papo hapo anatamani kulipata. Mkulima wa maua ya chungu hatazami hivyo. Yeye anataka kipandikizi kitakachotoa mizizi sawia na wenzake, kichipue matawi ya kutosha baada ya kukatwa ncha, kisimame bila kijiti, kifunike ukingo wa chungu, kichanue kwa wakati mmoja na vyungu vingine mia tano vilivyo mezani, kisha kikae sebuleni kwa mnunuzi wiki tatu bila majani kugeuka manjano. Kwa hiyo katika orodha yangu ya sifa rangi ya ua huja mwishoni, na miche mingi yenye maua ya kupendeza huishia kwenye lundo la mboji.

Krisanthemu ni jamaa wa pareto, zao linalojulikana sana katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na anayelijua ua la pareto anajua tayari kwamba kile tunachokiita ua ni kichwa chenye vijiua vingi. Vijiua vya ukingoni, vyenye ulimi mrefu unaoitwa petali, vina sehemu ya kike tu, na vile vya katikati vina sehemu za kike na za kiume pamoja. Krisanthemu za kibiashara kwa kawaida zina kromosomu 54, yaani seti sita, na kwa sababu hiyo watoto wa wazazi wale wale hutofautiana mno. Aidha, mmea wake kwa kawaida haukubali chavua yake wenyewe, wala mara nyingine ya ndugu zake wa karibu, hivyo huwezi kutengeneza mbegu inayozaa kweli kama ya mahindi. Kila mbegu ni mmea wa peke yake, na mmea ukishapendwa huendelezwa kwa vipandikizi tu.

Kabla ya kugusa brashi, andika unachokitafuta. Kwa mfano: chungu cha sentimita 12 chenye vipandikizi vitatu au vinne, kimo cha mmea kiwe kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya kimo cha chungu, ua lichanue ndani ya wiki saba au nane tangu siku fupi (yaani usiku mrefu unaoanzisha maua) zianze, rangi ya shaba, petali tabaka nyingi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuzuia baadaye usiuhurumie mche mzuri usio na kazi. Ukishaiandika, chagua wazazi ambao wote wawili wamekwisha kufaulu kwenye chungu. Nimewahi kutumia mzazi mmoja wa maua ya kukatwa kwa ajili ya rangi yake, na watoto karibu wote wakatoka na shingo ndefu ambazo hata dawa ya kudumaza haikuzitosha. Iwapo soko lako liko nje ya nchi, mmoja wa wazazi awe mstahimilivu wa kutu nyeupe, ugonjwa wa kuvu unaotia madoa ya njano juu ya jani na uvimbe mweupe chini yake, kwa kuwa nchi nyingi huuhesabu kuwa ugonjwa wa karantini. Aina zinazolindwa kisheria kwa kawaida huruhusiwa kutumiwa kama wazazi, ila usome mkataba uliotia saini uliponunua vipandikizi, maana huenda umejifunga mwenyewe.

Rangi ina mantiki yake. Waridi hutokana na rangi za anthosiani, na njano hutokana na karotenoidi; zikikutana, hupatikana shaba au nyekundu. Nyeupe haina maana ya kukosa njano tangu mwanzo: katika petali nyeupe kuna kimeng'enya kinachovunja karotenoidi. Kimeng'enya hicho kikiacha kufanya kazi, tawi la mmea mweupe huanza kutoa maua ya njano, na tawi la mmea wa waridi huanza kutoa ya shaba. Ndiyo sababu nyeupe na waridi ni wazazi wazuri wa familia ya rangi. Ukipata aina nzuri ya waridi una matumaini ya kupata dada zake baadaye, wakati aina nzuri ya njano ni nadra kukuzalia nyeupe.

Sasa taa. Krisanthemu hupima urefu wa usiku, na usiku ukiwa mrefu wa kutosha hufunga matumba. Kwa anayefanya kazi Limuru, Naivasha au Arusha, usiku ni wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo mmea uliowekwa kitaluni bila taa huchanua wakati wowote. Hii ni neema, kwa sababu wenzetu wa Ulaya hulazimika kufunika meza kwa plastiki nyeusi wakati wa kiangazi chao ili kupata usiku wa namna hiyo. Lakini ni mtego vilevile, kwani mimea mama, ile tunayoikatia vipandikizi, isiyowashiwa taa huacha kutoa machipukizi na kuanza kutoa maua. Washa taa katikati ya usiku, tangu saa nne hadi saa nane, mwanga wa takriban luksi 100 ukifika kwenye majani, na mmea utaamini kwamba usiku ni mfupi. Mstari, yaani mche mmoja pamoja na vipandikizi vyake vyote, unaofunga matumba hata chini ya taa hizo uondoe mara moja, kwa kuwa hautakupa vipandikizi.

Uchavushaji wenyewe ni kazi ya mkasi mdogo na subira. Mzazi mama humzungushia neti kabla ya kichwa kufunguka, ili nyuki wasinitangulie. Petali zinapokuwa zimefunguka kabisa, ninazikata zote karibu na kitako, kiasi cha milimita chache juu ya mrija wa kijiua, mpaka kichwa kinabaki kama brashi iliyochakaa. Siku moja au mbili baadaye stigma hujitokeza kwenye mirija iliyokatwa, na kila moja hupasuka kuwa pembe mbili zenye umbo la herufi Y. Hapo ndipo zinapopokea chavua. Mzazi baba awe na vijiua vya katikati vya kutosha. Aina zenye petali tupu hazina chavua ya maana, hivyo nazitumia kama mama tu. Chukua chavua mpya asubuhi umande ukishakauka, ipake kwa brashi laini, rudia baada ya siku mbili na tena baada ya nyingine mbili, kwa sababu duara za vijiua hazikomai pamoja. Andika majina ya wazazi wote wawili na tarehe kwenye lebo ya plastiki kwa penseli, kwani wino wa kalamu nyingi hufutika kwa jua na maji, na mbegu isiyo na jina la wazazi haikufundishi chochote.

Tangu siku hiyo usimwagilie juu ya kichwa. Kichwa kilicholowa huoza kabla mbegu haijakomaa, na mbegu huchukua takriban wiki sita hadi nane. Kichwa kimoja kinaweza kukupa mbegu makumi, na jirani yake asikupe hata moja. Zikaushe, zipande kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyochujwa, zifunikwe kidogo tu. Katika joto la nyuzi 20 hivi huota ndani ya wiki moja au mbili.

Uchaguzi ndio kazi yenyewe, na hufanywa kwa awamu. Katika awamu ya kwanza kila mche hupewa chungu kidogo chake, huwekwa kwenye siku fupi, na hutazamwa mara moja tu. Hapa siwi mkali kuhusu kimo, kwa sababu mche wa mbegu hukua tofauti na kipandikizi, lakini huwa mkali kuhusu muda wa kuchanua, ugonjwa na majani. Kati ya miche elfu moja nikibakiza thelathini huona nimekuwa mkarimu. Katika awamu ya pili kila kilichobaki huchukuliwa vipandikizi kama ishirini, hukatwa ncha na kukuzwa kama mkulima atakavyokikuza, kando ya aina inayouzwa sokoni sasa. Kosa kubwa ni kukitazama peke yake, maana mche wowote ukisimama peke yake huonekana mzuri. Awamu ya tatu huhitaji vyungu mia hivi kwa kila mstari, mara mbili au tatu kwa mwaka, ikiwemo miezi ya joto, kwa kuwa joto huchelewesha maua ya baadhi ya mistari na kufifisha waridi. Mwisho wa kila zamu, vyungu kadhaa huvalishwa mfuko, hukaa kwenye katoni siku chache gizani kama vilivyo safarini, kisha huhamishiwa chumba cha kawaida, na hapo mistari mingi niliyoipenda hunisaliti.

Mwaka mmoja niliitupa miche kama arobaini ya pembe ya meza ya mwisho kwa sababu ilichelewa kufunga matumba kwa wiki mbili na zaidi, nikaandika kwenye daftari kwamba familia ile ni nzito. Usiku mmoja nilirudi kitaluni kuchukua koti nililolisahau, nikaona taa ya mlinzi ikipenya kwenye plastiki na kuangukia pembe ile ile. Familia haikuwa na uzito wowote. Tangu hapo huzunguka meza zangu usiku wa kwanza wa kila zamu, na daftari langu lina ramani ya mahali kila chungu kilipokaa.

Kuna udanganyifu mwingine wa kimo. Viroidi ya kudumaza krisanthemu, kimelea kidogo hata kuliko virusi, huambukizwa kwa kisu na kwa mikono, na mmea ulioambukizwa hufupika, mara nyingine bila dalili nyingine yoyote. Kwa mzalishaji wa maua ya chungu mmea kama huo huonekana ni lulu. Mstari uliofupika ghafla kati ya awamu ya kwanza na ya pili upimwe maabara kabla ya kusifiwa, na kisu kichovywe kwenye dawa ya klorini kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Aina ikishatulia, tazama meza zako kila siku kwa ajili ya tawi lililobadilika rangi. Likitokea, lichukulie vipandikizi, kisha uchukue vipandikizi vya vipandikizi hivyo mara mbili au tatu, kwani mabadiliko mara nyingi huwa kwenye tabaka moja tu la seli na mmea unaweza kurudi ulivyokuwa. Wazalishaji wakubwa hawangoji bahati. Hupiga vipandikizi kwa miale ya eksirei au ya gama. Jambo la kuzingatia ni kwamba mabadiliko yaliyotoka kwenye aina ya mtu mwingine inayolindwa, chini ya mkataba wa UPOV wa 1991, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, huweza kuhesabiwa kuwa yametokana na aina hiyo, na hutaruhusiwa kuyauza bila idhini yake.

Ulinzi wa aina yako huombwa kwa taasisi ya nchi. Kenya ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, na Tanzania ina sheria yake ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012. Wakaguzi huangalia kama aina inatofautiana na zinazojulikana, kama mimea yake inafanana, na kama haibadiliki inapozalishwa. Huangalia pia kama bado ni mpya, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu ukishauza kwa zaidi ya mwaka mmoja nchini kabla ya kuomba, upya umekwisha. Kwa hiyo wakulima watakaokujaribia wapewe vyungu vichache kwa mkataba unaowakataza kuuza na kuzalisha, na mkataba huo usainiwe kabla trei ya kwanza haijatoka getini.