Kibubu cha safari: kumfundisha mtoto kuweka hela yake kabla ya likizo

Mtoto wa miaka mitano ukimwambia aweke hela "ya safari" hakuelewi. Safari kwake ni basi, na basi analipanda hata kibubu kikiwa kitupu. Kwa hiyo kabla hujatafuta chupa wala kopo, amueni pamoja hela yake itanunua nini huko mnakokwenda. Kiwe kitu kimoja anachokijua kwa jina, na ambacho wewe hutakinunua yeye asipofikisha. Kwa umri huo nauli, chakula na mahali pa kulala ni mzigo wa wakubwa. Mzazi anayemwambia mtoto wa chekechea "changia nauli" anapoteza muda, kwa sababu mtoto anajua wazi kwamba hataachwa stendi.

Mfano: mkienda ufukweni Mikindani au Msimbati kutwa moja, mtoto mdogo anaweza kuwekea mpira wa kuchezea mchangani. Mpira huo unanunuliwa Mtwara mjini siku moja kabla, maana ufukweni usitegemee kukuta duka. Wa darasa la pili anaweza kuwekea vitafunwa vyake vya njiani, achague mwenyewe. Wa darasa la nne na kuendelea anaweza kubeba kitu kizito zaidi, kama nafasi yake kwenye mashua ya kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani. Mkishachagua, nendeni dukani pamoja mkaulize bei, yeye ndiye aulize. "Shikamoo mjomba, mpira huu shilingi ngapi?" Bei aliyoisikia kwa masikio yake ataikumbuka kuliko uliyomtajia wewe.

Muda kwa umri

Miaka minne hadi mitano, usizidishe wiki tatu. Zaidi ya hapo safari inakuwa hadithi tu. Mpangie sarafu 15 za shilingi 100, moja kwa siku, jumla 1,500. Umri huo mtoto anahesabu vipande, hahesabu thamani: ukimpa sarafu moja ya 500 badala ya tano za 100 ataona umempunja. Mpe za 100 tu, na akipewa jero na mgeni, ichenji mbele ya macho yake. Chora miduara 15 kwenye karatasi ya manila, ibandike ukutani usawa wa macho yake. Kila sarafu inapoingia, apake rangi mduara mmoja.

Miaka sita hadi minane, wiki sita hadi nane zinawezekana. Tuseme lengo ni 3,500. Ukimpa 100 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa wiki ni 300 na kwa wiki nane ni 2,400. Pengo ni 1,100. Usilizibe. Muulize: "Hiyo elfu moja na mia tutaipata wapi?" Wengine watasema mjomba, wengine bibi, mmoja atasema apunguze pipi. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, na linaingia vizuri kwa sababu hesabu ya kutoa ya namna hiyo anaanza kuijua shuleni.

Wa miaka tisa hadi kumi na moja anaweza kwenda muhula mzima, Januari mpaka shule zifungwe Juni. Kwa 500 kwa wiki, wiki 18 zinampa 9,000. Huyu mpe daftari lenye safu tatu: tarehe, iliyoingia, jumla. Aandike mwenyewe kwa kalamu, na akikosea akate mstari, asifute.

Kuhusu tarehe ya safari, huku kwetu Mtwara na Lindi mvua huanza kushika Desemba na kuendelea mpaka Aprili, nyingine huchelewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar eneo la Somanga, na abiria wakakwama. Safari ya Kilwa ipangeni Juni au Julai. Zile za karibu zisizotoka nje ya wilaya unaweza kuzibana kwenye likizo fupi, ila usimwahidi mtoto mdogo tarehe ambayo mvua inaweza kukunyang'anya.

Na kama familia inalima korosho, usifunge tarehe kwa hela ya msimu. Siku ya mnada siyo siku ya malipo. Hela inapitia chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), kisha benki, na katikati hapo siku zinaweza kuvutika. Mtoto haelewi AMCOS. Anaelewa kwamba baba alisema Jumamosi.

Chombo

Kibubu cha mbao kinachouzwa na mafundi seremala ni kizuri kwa mtu mzima na kwa mtoto mkubwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka minane hakifai, kwa sababu haoni ndani. Sarafu ikishadondoka, kwake imepotea. Tafuta kopo la plastiki linaloonyesha, lenye mdomo mpana na mfuniko wa kusokota, kama lile la siagi ya karanga. Chupa ya maji ya lita moja na nusu nayo inafaa, ila mdomo wake ni mwembamba, sarafu ya 500 haipiti. Itoboe ubavuni karibu na shingo kwa kisu kilichopashwa moto, kitundu cha sentimita 3 kwa milimita 4. Jaribu kwa sarafu ya 500. Hiyo ikipita, na nyingine zitapita. Kazi ya kisu ni yako, si yake.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kopo likae juu na lifungwe. Watoto wachanga humeza sarafu, na aliyemeza apelekwe kituo cha afya hata kama anacheza vizuri.

Noti usiziache muda mrefu ndani ya kibubu cha mbao kilichowekwa chini. Mchwa hawachagui, panya nao hujengea viota, na unyevu wa pwani huzifanya noti zishikane na kuota ukungu. Zikifika noti tatu nne, zifunge kwenye mfuko wa plastiki mkavu, au mzipeleke kwa mama azitunze na daftari lionyeshe hivyo. Kuziingiza kwenye simu ni sawa ikiwa zitakaa mpaka safari. Kutoa na kurudisha mara kwa mara kunaliwa na makato, na kwa hela ya mtoto makato ni sehemu kubwa. Akaunti za watoto zipo kwenye benki kubwa, huwa wanataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi. Lakini hizo ni za ada na mambo ya mbele. Hela ya mpira wa ufukweni inataka kuonekana.

Hela inatoka wapi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoharibu bila kujua. Mtoto anayepewa 300 ya kula shuleni, ukimwambia "weka kidogo kwenye kibubu", ataacha andazi na uji. Atarudi na njaa huku akijisifu, na kibubu kitajaa haraka ajabu. Ukiona kinajaa kuliko hesabu, muulize alikula nini saa nne. Dawa yake ni kutenganisha: hela ya kula apewe asubuhi na aile yote, sarafu ya kibubu apewe jioni akiwa ameshavua sare.

Kazi za kawaida za nyumbani, kama kuosha sahani yake, kufagia uwanja, kumletea babu maji, zisilipwe. Ukianza kulipa, wiki ya pili utaulizwa bei ya kikombe kimoja. Lipa kazi ya ziada yenye mwisho unaoonekana: kusaidia kumenya ming'oko (viazi vya porini) ya kupeleka kwa shangazi, kupanga kuni, kuokota korosho shambani Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Kwa korosho, mlipe kwa bakuli, taslimu kutoka mfukoni mwako, na korosho zenyewe ziende kwenye gunia la familia. Usimwachie azipeleke mwenyewe kwa mnunuzi wa mtaani. Biashara hiyo ya kununua korosho mitaani nje ya ushirika, kangomba, ni kinyume cha sheria, na wanunuzi wale wanajua kabisa mtoto hajui bei. Mtoto akianza kuchota bakuli bakuli kutoka ghalani ili ajaze kibubu, umemfundisha kitu kingine kabisa. Kuuza barabarani peke yake, vivyo hivyo, hapana.

Zawadi nazo zina sheria yake. Mjomba akija kutoka Dar akampa elfu mbili, au mkono wa Idi ukaingia, nusu iende kibubuni na nusu atumie siku hiyohiyo apendavyo. Kumtilia yote kibubuni ni uroho wa mzazi. Mtoto ataanza kuficha zawadi, na akishaanza kuficha ni shida kumrudisha. Mweleze mjomba mapema pia, maana kuna wajomba wakisikia kuna kibubu wanatoa 10,000 kwa mkupuo na kumaliza lengo la miezi mitatu jioni moja. Mwombe atoe kidogo, au atoe kwa sharti: "Ukifika elfu tatu, mjomba anakuongezea mia tano."

Siku ya kuhesabu iwe moja kwa wiki, Jumapili jioni kwa mfano, dakika kumi zinatosha. Mwageni kwenye mkeka, apange mafungu ya sarafu kumikumi. Fungu moja la mia ni buku. Kila siku ni nyingi mno, kila mwezi ni chache mno.

Yanayoharibika

Mzazi kukopa. Hili linaongoza kwa mbali. Chenji imekosekana ya bodaboda, kibubu kiko pale, unachukua 500 "nitarudisha". Mtoto hasemi kitu, ila haweki tena. Ukilazimika kweli, ugonjwa umeingia usiku, mwambie waziwazi, mwandike pamoja kiasi na tarehe, na hela ya kwanza itakayoingia nyumbani irudi hapo kabla ya kitu kingine. Na irudi yote mbele yake.

Ndugu. Kila mmoja kopo lake, alama yake. Usifananishe kiasi, mdogo mwenye 900 kati ya 1,500 amefika mbali kuliko mkubwa mwenye 2,000 kati ya 9,000. Hiyo mkubwa hataipenda, mwache aipige hesabu. Kumbuka pia kwamba kibubu cha mbao chenye tundu pana kinachokonoleka: njiti iliyopakwa bigijii inatoa noti bila kelele. Ukimkamata, usimpige wala usimtangaze kwa majirani. Arudishe, na kopo likae chumbani kwako wiki mbili.

Safari kuahirishwa. Hela inabaki yake, haigeuki kuwa ya daftari za shule. Kwa mtoto mdogo tafuta safari ndogo wiki hiyohiyo, hata ni kwa bajaji hadi ufukweni jirani, akanunue kile alichowekea.

Asipofikisha. Ikibaki mia mbili tatu, mpe kazi moja ya ziada amalizie. Ikibaki nusu, anunue kidogo kuliko alivyotaka. Usijazie kimyakimya usiku, atajua.

Kufungua na kusafiri

Fungueni siku tatu kabla. Sarafu mpelekeni dukani. Mwenye duka atafurahi, chenji siku zote hana, na atawapa noti bila maneno. Bakizeni sarafu chache, anazipenda. Njiani mtoto abebe nusu kwenye kipochi chenye zipu kinachoning'inia shingoni ndani ya shati, nusu nyingine abebe mama. Mfundishe asizihesabu stendi.

Mtihani unakuja gari likisimama Mnazi Mmoja ya Lindi, au Nangurukuru kwenye njia panda ya Kilwa. Wauzaji wanafika dirishani na korosho, mayai na soda, mkono wa mtoto unaenda shingoni. Mkumbushe mara moja tu: "Hiyo ni ya nini, mwanangu?" Akisisitiza, anunue. Akifika Masoko akakuta haitoshi kwa alichopanga, usimwongezee na usimsute. Atanuna mpaka Kisiwani.

Wanaokwenda Kilwa, ulizeni kabla hamjatoka nyumbani kiingilio cha Mtanzania na cha mtoto, na bei ya chombo cha kuvukia. Vibali hulipiwa Masoko kabla ya kuvuka. Mkifika kwenye magofu, mwonyesheni mtoto wa kibubu kwamba masultani wa hapo walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Msafiri Ibn Battuta alifika 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule wa kasri la Husuni Kubwa, na sarafu ya sultani huyo imeokotwa mpaka kwenye magofu ya Great Zimbabwe, nchini Zimbabwe. Nyingine tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Mtoto aliyehesabu sarafu kwenye mkeka miezi mitano ataiuliza ile ya shaba ilikuwa na thamani gani, na iliwezaje kufika huko.

Ikibaki chenji baada ya safari, ni yake. Mwulize kama anataka kuila au ianzishe kopo jipya, na lolote atakalochagua lifanyike siku hiyohiyo mkifika nyumbani.