Somo: Ukihamia Dodoma, chagua njia kwanza, chumba baadaye

Wengi mnaohamia huku, watumishi na wanafunzi, mnatafuta chumba kizuri kwanza, mambo ya usafiri mnayawaza baadaye. Nawasihi mgeuze. Tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, mji umetanuka kufuata barabara zake kubwa: ya Dar es Salaam, ya Iringa, ya Singida na ya Arusha. Daladala nazo zinafuata hizo hizo. Ukiishi upande huu na kazi iko upande ule, utaingia mjini, ushuke, upande daladala nyingine. Nauli mbili kwenda, mbili kurudi.

Hatua ya 1: Anzia kazini. Ofisi ikiwa Mji wa Serikali, Mtumba, tafuta kufuata barabara ya Dar, kama Nzuguni au Ihumwa. Wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, waulizie Ng'hong'hona na Makulu.

Hatua ya 2: Kabla ya kulipa, nenda kituo cha mtaa huo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi. Angalia kama magari yanafika yakiwa na nafasi au konda anapita tu akipunga mkono. Kisha panda hadi kazini, ujue kama gari linafika mwisho wa ruti au linakatisha njiani. Dalali hatakwambia haya, na mchana huwezi kuyaona.

Hatua ya 3: Tembea kwa miguu kutoka kituoni hadi nyumbani. Viwanja vingi viko mbali na lami; kiangazi ni vumbi, masika ni tope. Ukihitaji bodaboda kila jioni, hiyo nayo ihesabu kwenye kodi.

Hatua ya 4: Maji. Waulize wapangaji, si dalali, yanatoka siku zipi. Kisha gonga tangi kwa vidole kuanzia chini kwenda juu: sauti inapobadilika ndipo maji yalipoishia. Tangi tupu kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, uliza sababu.

Hatua ya 5: Mkataba wa maandishi, na ujitambulishe serikali ya mtaa.

MASWALI

Shikamoo dada. Nafika Aprili, naweza kufikia gesti wiki mbili nikitafuta?
– Marahaba. Aprili Bunge la bajeti linaanza, linakwenda mpaka Juni. Gesti za mjini zinajaa na bei zinapanda. Weka nafasi mapema, au fikia kwa ndugu kama unaye.

Dada, nikija na treni ya SGR nikafika usiku, nafanyaje?
– Chukua bajaji, lakini patana bei kabla mzigo haujapakiwa. Mtaje dereva mtaa na alama ya karibu, kama msikiti, kanisa au shule, maana mitaa mipya wengi hawaijui kwa majina.

Nimepata chumba na sebule Nkuhungu, kodi nafuu sana, ila kazi ni Mtumba. Nichukue?
– Mtaa wenyewe sina tatizo nao, ila unavuka mji mzima kila siku. Chukua nauli ya siku, zidisha mara siku zako za kazi kwa mwezi, ujumlishe kwenye kodi, kisha ulinganishe na vyumba vya Ihumwa. Na kama una mtoto wa kumwahisha shule asubuhi, kiache hata kama hesabu inakubali.