Tochi au redio ndogo ikigoma kuingiza chaji usiitupe, ichomelee mwenyewe nyumbani

Huku kwetu Mwanza, anzia Mwaloni Kirumba mpaka Igombe, mtu wa dagaa haendi ziwani usiku bila tochi ya kuchaji, na karedio ka memori kadi nako hakakosekani kwenye mtumbwi. Sasa vikigoma kuingiza chaji watu wanavitupa au wanampa mtoto achezee, na inaniuma kweli, mana kwa vitu vidogo namna hii ugonjwa mara nyingi ni mmoja kati ya miwili, sistimu chaji, yaani lile tundu la kuchomekea waya wa chaji, imeachia kwenye bodi au waya wa betri umekatika pale ulipochomelewa, na yote mawili unayamaliza mwenyewe mezani.

Tafuta chuma cha kuchomelea cha wati 60 kinachorekebishika joto, kile cha wati 30 kisichorekebishika nacho kinafaa kuanzia. Kama upo visiwani, Ukerewe huko, na unatumia sola, vipo vya volti 12 vinavyokaa moja kwa moja kwenye betri, ila cha wati 40 kinakula zaidi ya ampia 3 kwahiyo usikiache kimewaka huku unapiga stori. Risasi ya kuchomelea chukua ya waya mwembamba wa milimita 0.8, iliyoandikwa 60/40 au 63/37, hiyo 63/37 ndo naipenda mimi kwasababu inayeyuka na kuganda palepale kwenye nyuzijoto 183, haikupi muda wa kutikisika. Fluksi, yaani dawa ya kufanya risasi ishike vizuri, nunua ya vitu vya umeme, ile ya mafundi bomba ina asidi itakula bodi baadae. Ongeza spiriti, mswaki wa zamani, kibanio na maltimita ya kupimia umeme, basi.

Ukishafungua skrubu, kitu cha kwanza kabla hujawasha chuma ni kuchomoa betri. Kama imechomelewa kata waya mmoja tu, ufunge ncha yake na selotepu, usikate nyaya zote mbili kwa mkasi kwa pamoja mana mkasi wenyewe utapiga shoti. Na betri ya lithiamu ikiwa imevimba, achana nayo hapohapo, usiitoboe wala kuibana, tafuta nyingine. Ambayo haijavimba ipime, ikisoma chini ya volti 2.5 nayo usihangaike kuifufua.

Baada ya hapo angalia kwa macho, chukua mwanga mkali. Ukiona uchafu wa kijani kwenye pini hiyo ni shaba imeliwa na unyevu, weka spiriti sugua na mswaki mpaka chuma kionekane, acha pakauke vizuri. Sistimu chaji ya maikro ina pini tano, ila kwa kuchaji zinazofanya kazi ni mbili za pembeni kabisa, moja chanya na nyingine hasi, kwahiyo weka maltimita kwenye mlio, ncha moja kwenye pini na nyingine kwenye njia yake ndani ya bodi, isipolia umeshaupata ugonjwa.

Sasa kuchomelea, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanayeyusha risasi kwenye ncha ya chuma halafu wanaipaka kwenye pini, hapana jamani! Joto linatakiwa liende kwenye pini na kwenye bodi, risasi iyeyushwe na hivyo viwili. Weka joto 330 mpaka 350, futa ncha kwenye sponji yenye unyevu, ipake risasi kidogo ing'ae, paka fluksi kwenye pini, halafu gusisha ncha sehemu zote mbili kwa pamoja, hesabu moja mbili, ingiza risasi upande wa pili, ikishatambaa toa risasi kwanza ndo utoe chuma, na usipulize. Kiungio kizuri kinang'aa na kimeteremka kuanzia kwenye pini mpaka kimelala kwenye bodi, kibaya kinakaa kidonge kama tone la maji juu ya jani la gugumaji, ukikigusa na kibanio kinacheza. Hicho rudia na fluksi, usiongeze risasi juu yake.

Kama unatoa sistimu chaji nzima ya zamani na risasi yake haiyeyuki, usiongeze joto kwa hasira, bodi nyingi za siku hizi zina risasi ya aina nyingine inayotaka nyuzi kama 217 au zaidi. Wewe yeyushia risasi yako ya 63/37 juu yake zichanganyike, zitalainika kwa joto dogo na njia za bodi hazitang'oka. Ukiweka mpya anza na yale masikio manne ya pembeni, ndo yanayobeba mzigo mtu akichomeka waya gizani kwa nguvu.

Fanya yote haya dirisha likiwa wazi, moshi usiuvute, risasi usiishike kwa meno, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla hujagusa chakula.

Ukimaliza safisha fluksi na spiriti, pima tena shoti kati ya chanya na hasi ndo urudishe betri, halafu chaji bodi ikiwa wazi na wewe upo hapohapo. Betri ya seli moja ikifika volti 4.2 inatakiwa isimame, ikizidi hapo chomoa, aisii ya chaji, kile kidude cha kwenye bodi kinachosimamisha chaji, imekufa na hiyo bodi usimrudishie mtu. Ikisimama vizuri funga skrubu, na mwenye tochi mwambie akitoka ziwani aifute na kuiacha ikauke kabisa ndo achaji, kwasababu umeme ukipita kwenye pini zenye maji unazila haraka, na hata risasi mpya haitadumu.