Gia nzito kwa baiskeli ya mlima ya bei nafuu: anzieni nyuma

Wanachama, hamjambo. Tangu ile safari ya Iganga naulizwa jambo lile lile. Ukishaiacha Jinja barabara ikanyooka, pedali zinakuwa nyepesi, miguu inazunguka kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na mwendo hauongezeki. Wengi mmeshaamua kununua sproketi (lile duara la meno linaloshika mnyororo) kubwa ya mbele. Ngojeni kwanza.

1. Hesabu meno. Tia alama ya chaki kwenye jino moja, uhesabu sproketi kubwa ya mbele na ndogo kabisa ya nyuma. Yangu, ya tairi za inchi 26, ina 42 mbele na 14 nyuma. Gawa: 3. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu, kama mita 6.2. Kwa mizunguko 80 ya pedali kwa dakika, hiyo ni kilomita 30 kwa saa.

2. Jihesabu na wewe. Mwenzako ashike saa nusu dakika, wewe uhesabu goti la kulia linapanda mara ngapi ukiwa kwenye gia nzito kuliko zote. Ukikosa kufika 40, gia haina kosa, miguu ndiyo haijazoea. Mimi nilipata 31, na sproketi nilikuwa nimeshailipia.

3. Linganisha. Ukiweka 48 mbele na kuacha 14 nyuma, kwa mizunguko ile ile 80 unafika kilomita 34. Ukiacha 42 mbele na kuweka 11 nyuma, unafika 38. Kupunguza meno matatu nyuma ni kama kufunga sproketi ya meno 53 mbele, dude ambalo kwenye fremu nyingi za mlima lingekwaruza bomba.

4. Jua kama una friwili (sproketi za nyuma zinazofungwa kwa nyuzi kwenye gurudumu) au kaseti (zinazochomekwa). Toa gurudumu la nyuma, zungusha sproketi kinyumenyume, tazama pale katikati kifungulio kinapoingia. Pakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Pakitulia, ni friwili, na baiskeli nyingi za bei nafuu ndivyo zilivyo. Kaseti ya kuanzia meno 11 ni kitu cha kawaida. Friwili nyingi huanzia 14 au 13. Za 11 zipo, ila utazunguka maduka. Kutoka friwili kwenda kaseti ni kubadili habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo mara nyingi unanunua gurudumu zima.

5. Kuifungua. Friwili hujikaza kila unapokanyaga, basi ya miaka mitatu imeshikana kwelikweli. Fundi akija na patasi na nyundo, chukua gurudumu lako uondoke. Kifungulio chake kibanwe kwenye jiliwa, gurudumu likae juu yake, ulikamate kwa mikono miwili kama usukani wa lori na kulizungusha kinyume cha saa. Litalia "ta!" kisha litalegea. Mpya ipakwe grisi kwenye nyuzi kabla ya kufungwa.

6. Pima mnyororo. Viungo 24, pini hadi pini, ni sentimita 30.5 ukiwa mpya. Ukifika 30.7, nunua mwingine, la sivyo mnyororo utarukaruka kwenye meno mapya.

MASWALI

Swali kutoka Tororo: Mzee, huku kwetu ni tambarare. Mimi nataka 48 tu.

Sawa, ndugu yangu. Tazama kama sproketi zako za mbele zimefungwa kwa boliti au kwa ribiti. Za ribiti hazibadiliki, unanunua seti nzima pamoja na mikono ya pedali. Kile kibano kinachohamisha mnyororo mbele kipandishe, kikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno. Mnyororo nao utahitaji kuwa mrefu zaidi.

Swali kutoka Mbale: Nikiweka 11, nitapanda vipi Kapchorwa?

Dada, mlima unapandwa na sproketi kubwa ya nyuma. Chukua ya 11 hadi 28 au zaidi, usiguse ile ndogo ya mbele. Utakachopoteza ni ulaini: gia zitapishana kwa hatua kubwa zaidi.

Swali kutoka Kampala: Tairi zangu zina vidole vikubwa vya matope na zinavuma kwenye lami. Hilo halihusu?

Linahusu sana, na ningeanza na hilo kabla ya gia. Weka zenye mgongo laini, ujaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni, halafu rudia hatua ya pili.