Kuchokonoa kufuli ya ufunguo wa duara kwa mkono, pini moja moja

Wadau, hizi kufuli zenye ufunguo kama kibomba, zile za mashine za soda, za laptop na za baisikeli zenye umbo la U, wengi wanaziogopa bure. Ndani ni pini kama za kitasa cha kawaida, ila zimepangwa duara na zinakutazama usoni, mara nyingi saba. Kila pini ni vipande viwili na nyuma yake kuna springi. Ufunguo unazisukuma, kila moja kwa kina chake, mpaka maungio yote yakae usawa mmoja, hapo ndo inazunguka.

Kufuli iwe yako, na isiwe inayofunga kitu unachokihitaji kesho, maana pini zinaweza kukwama kabisa.

Kwanza vifaa. Cha kuchokonolea hakihitaji ndoano kwasababu pini unazisukuma moja kwa moja kwenda ndani, mi natumia kipande cha spoku nimekipiga tupa ncha ikawa bapa na nyembamba, alafu msasa ili isikwaruze. Cha kukazia ni kile kibati cha chuma cha ndani ya waipa ya gari, kunja ncha iingie kwenye lile pengo la nguzo ya katikati bila kuziba pini yoyote. Ikicheza cheza utateseka, irudie mpaka ikae.

Pili, bana kufuli kwenye vaisi, weka alama ya maka pini ya kwanza ili usipotee kwenye duara.

Tatu, kaza kidogo sana kuelekea upande ambao ufunguo huzungukia, nguvu ya kidole kimoja inatosha. Gusa pini zote moja moja, nyingi zitarudi kama springi ila kuna moja itakuwa ngumu, hiyo ndo inayobana, isukume taratibu mpaka usikie kamlio kadogo ka "tik" na kufuli kusogea kama unywele. Kisha tafuta inayofuata inayobana. Ukisukuma mno kipande cha mbele kinapita ule usawa wa maungio na chenyewe kinaziba, hapo legeza mkazo polepole mpaka kirudi, usilazimishe.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaacha. Pini zote zimekaa, kufuli inazunguka kidogo alafu inagoma, mtu anadhani ameharibu, kumbe pini zimefika kwenye matundu ya jirani na springi zimezisukuma tena, imejifunga upya! Inabidi uanze tena palepale, na usitegemee mpangilio uleule wa pini zinazobana. Ya pini saba ukiizungusha duara zima utarudia mara saba, ila nyingi zinafunguka kabla ya hapo. Mimi hapa ndo napapenda kuliko pote, ukifika raundi ya tatu kidole kimeshaijua kufuli.

(Mwaka 2004 kufuli za baisikeli za kampuni ya Kryptonite zilifunguliwa na bomba la kalamu ya Bic, plastiki laini ilijichonga yenyewe kwa pini, kampuni ikalazimika kuzibadilisha. Ni njia ya haraka ila mkono haujifunzi chochote.)

Ukishafungua usiiache katikati ya mzunguko, hata ufunguo wake wenyewe hautaingia. Endelea kuichokonoa mpaka irudi ilipoanzia, alafu jaribu ufunguo.